Mtoto wa Enifa Hasikii

Siku tatu nzima Enifa alitafuta panya aliyekufa. Aliinua mikeka, akahamisha gunia la mahindi, akatoa kitanda nje na kukianika juani, akafika hata kumshuku jirani kwamba kamtupia uchafu dirishani. Nyumba ilinuka. Dagaa wakichacha hunuka dagaa, mtu akajua la kufanya, lakini hii ilikuwa harufu nzito, tamutamu, inayokaa nyuma ya ulimi mpaka ukila nsima, ugali wa kwao, unaila pamoja nayo. Alhamisi asubuhi alimvuta binti yake Lonjezo amvue gauni la kulalia, uso wake ukapita karibu na shingo ya mtoto, ndipo akajua panya wake yuko wapi. Alikuwa ndani ya sikio la kushoto.

Akakivuta kile kizibo cha plastiki kilichoshikilia mashine ya kusikia. Kiligoma, kisha kikatoka kwa mlio wa kufyonza, na nyuma yake ukafuata usaha wa kijani, mzito kama uji uliochacha, ukateremka mpaka kwenye kola. Enifa alishika pua. Ndiyo, mama mzazi alishika pua mbele ya mwanawe wa miaka sita, na mwanawe akamwona. Jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye. Wakati ule alitaka kutapika tu.

Lonjezo akanyanyua mikono yote miwili, vidole vikacheza haraka haraka kando ya sikio.

"Mikono!" alifoka Enifa, akaichapa kofi. "Mikono mgongoni!"

Mtoto akairudisha mikono mgongoni.

*

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni ya kwanza ya Mradi wa Sauti Njema, na walikuwa wameiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa ofisi yao pale Thondwe, Malawi, nyuma ya soko la nyanya. Mtoto aliyevishwa mashine haongei kwa mikono. Akizoea mikono, ulimi wake utalala, naye atabaki nyani maisha yake yote. Neno hilo, nyani, alilitamka Madamu Nambewe mwenyewe, msimamizi wa mradi, siku ile ya kugawa mashine, na wazazi wakacheka kwa adabu. Enifa naye alicheka. Miezi minane sasa alikuwa anachapa vile viganja vidogo wakati wa kula, wakati wa kuoga, kisimani mbele za watu, akiamini kwamba anamlea mtoto.

Asubuhi ileile alimbeba mpaka ofisini. Alimkuta Madamu Nambewe amesimama juu ya kiti anafunga vitambaa vya rangi kwenye dirisha, kwa kuwa Jumamosi kulikuwa na ugeni mkubwa.

"Mama Lonjezo! Mazoezi si leo."

"Sikio limeoza, Madamu. Hebu nusa mwenyewe."

Madamu hakushuka. Harufu ilimfuata hukohuko juu, akaziba mdomo kwa kitambaa cha kijani. "Loo! Kwani huyu mtoto humwogeshi?"

"Namwogesha kila siku. Ni hiki kizibo, kinambana. Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba kinambana."

"Vizibo vilikuja vya namba tatu. Kidogo, cha kati, kikubwa. Huyu ni wa cha kati. Ulitaka tumshonee chake peke yake kama gauni la harusi?"

"Masikio yanafanana, Madamu?"

"Ee Mungu, wazazi wa siku hizi! Mna maswali nyinyi!"

Ukweli ni kwamba ndivyo inavyotakiwa. Kila sikio hupimwa, likatengenezewa kizibo chake, na Madamu alikuwa anajua vizuri sana. Alikaa darasani mwaka mzima kufundishwa hilo.

"Na betri je?" Enifa aliuliza.

"Zipo njiani."

"Zipo njiani tangu mwezi wa pili, na sasa ni mwezi wa sita. Hiyo njia inatokea wapi?"

Hapo Madamu akashuka kwenye kiti. Alishuka taratibu, akamkaribia, akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu mwenye elimu anapoongea na muuza mandazi. "Sikiliza, mama. Picha ya mtoto wako ndiyo iko kwenye barua za mwaliko. Ndiye mtoto wetu wa mfano. Leo na kesho msafishe kwa maji ya chumvi. Jumamosi weka pamba kidogo, rudisha kizibo, asimame mbele ya wageni aseme neno lake. Wakishaondoka, mpeleke zahanati wamtibu mpaka mchoke."

"Akae na usaha siku mbili zote hizo?"

"Harufu hii si ya jana. Amekaa nao wiki mbili huyu. Mama yake ulikuwa wapi?"

Enifa alimfunga mtoto mgongoni akarudi nyumbani.

*

Jioni kaka yake Jailosi alifika kwa baiskeli aliyopewa na mradi, amevaa fulana ya mradi, maana alikuwa mwenyekiti wa wazazi ijapokuwa hakuwa mzazi wa mtoto yeyote pale. Hakuna aliyeshangaa. Baba yake Lonjezo alikwenda Joni, kule Afrika Kusini, kutafuta kazi migodini, na hata angekuwepo angekaa kimya. Kwao huko mtoto ni wa ukoo wa mama, na kauli ya mwisho ni ya mjomba. Jailosi alikaa kwenye kiti pekee kilichokuwamo, akavuta beseni la mandazi ya kuuza kesho, akaanza kula bila kuuliza.

"Nasikia umekwenda kumfokea Madamu."

"Sikumfokea, kaka. Nilimwonyesha sikio."

"Sikio! Enifa, tusidanganyane. Kabla ya mradi hilo sikio lilikuwa na kazi gani? Halikusikia kitu. Leo linatoa usaha, bado halisikii kitu. Tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba linauma."

"Amekwambia?" Jailosi alitafuna. "Amekwambia kwa mdomo gani?"

Enifa akaangalia sakafu. Lonjezo alikuwa amejikunja kwenye mkeka, shavu la kushoto juu, anawatazama midomo mmoja baada ya mwingine.

Jailosi hakuwa mtu wa kuamini masikio ya mtoto yule, na alikuwa na sababu zake. Mtoto akiwa na miaka miwili Enifa alimpeleka zahanati akamwambia nesi, "Mwanangu hasikii." Nesi akacheka akasema hata wa kwake nyumbani hasikii, dawa yake ni fimbo. Kwa lugha yao kama kwa lugha yetu, mtoto kiziwi na mtoto mkaidi husemwa kwa neno moja, na fimbo ilikuwa rahisi kupatikana kuliko daktari. Jailosi ndiye aliyeishika. Alimchapa mtoto asiyesikia kwa sababu hasikii, miaka miwili mizima, mpaka siku lori lilipompigia honi mgongoni barabarani naye asigeuke. Hajawahi kusema samahani. Aliposikia kuna mashine zinagawiwa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanga foleni, na Enifa alidhani hiyo ndiyo samahani yenyewe.

"Jumamosi mtoto atasimama," Jailosi alisema akifuta mafuta kwenye fulana. "Mheshimiwa anatoka Lilongwe. Mimi ndiye nitakayemkaribisha. Mtoto ni wangu kabla hajawa wako, na nimekwisha sema."

"Ndiyo, kaka."

*

Ijumaa sokoni Enifa aliishiwa na chenji. Akamwacha Lonjezo na beseni, akavuka upande wa pili kwa muuza chumvi, na kwa kuwa muuza chumvi alikuwa na maneno mengi, alikawia. Aliporudi, beseni lilikuwepo na mtoto hayupo.

Alimkuta kwenye baraza la duka la vitambaa, kwa Falesi, fundi cherehani. Falesi alikuwa kiziwi tangu utotoni, alisomea shule ya viziwi mpaka darasa la nane, na sare za shule za nusu ya watoto wa Thondwe zilishonwa na mikono yake. Siku zote Enifa alikuwa akipita hapo anamvuta mtoto kwa nguvu, asije akaambukizwa unyani.

Sasa alisimama akatazama. Lonjezo alikuwa anaongea. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Vidole vilikwenda, nyusi zikapanda, mabega yakaingia, mtoto akaiga mtu mnene anayekula kwa pupa, akajifuta tumbo, na Falesi akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Alikuwa Jailosi yule na mandazi yake! Mtoto ambaye nyumbani hana hata neno, ambaye Enifa aliwaambia watu kuwa amezubaa, alikuwa amekaa juu ya ndoo anamsengenya mjomba wake kama mwanamke mzima kisimani. Kisha uso wa mtoto ukabadilika, mikono ikaenda sikioni.

Enifa akanyanyua kiganja. Ni mazoea tu, hata hakufikiri. Falesi akamdaka kifundo cha mkono hewani, akakishika kwa nguvu ya mtu anayekata kitambaa kutwa, wala hakumwachia mpaka alipohakikisha kimelegea. Halafu akachukua chaki ya fundi, akatandaza kitambaa cheusi cha suruali juu ya meza ya cherehani, akaandika kwa herufi kubwa:

KUNA MDUDU SIKIONI. ANAMLA.

Enifa alisoma polepole, maana shule yake iliishia darasa la nne. Falesi akafuta kwa kiganja, akaandika tena:

ANASEMA KILA SIKU ANAMWAMBIA MAMA.

Akafuta. Akasita, akamtazama Lonjezo, kisha akaandika mstari wa mwisho kwa herufi ndogo kidogo.

MAMA ANAMPIGA.

Enifa aliitazama mikono yake. Aliichukia. "Umemfundisha lini?" aliuliza. Falesi alimsoma mdomo, akaonyesha soko, akaonyesha jua lililo juu ya utosi, akatikisa mabega. Kila siku adhuhuri hutorokea hapa, wewe ukiwa unauza.

Falesi akamgusa Enifa begani, akaweka vidole viwili vya shahada mbele ya kifua, ncha kwa ncha, akavigonganisha mara mbili huku amekunja uso, kisha akainua nyusi kama mtu anayeuliza. Inauma? Akamwashiria Enifa afanye na yeye, amuulize mwanawe.

Watu walikuwa wanatazama. Muuza chumvi alikuwa amesimama kabisa, mkono kiunoni, na wasichana wawili wa nyanya walikuwa wanasukumana kwa cheko. Enifa alivificha vidole vyake kwenye mfuko wa aproni, akamshika mtoto mkono, akaondoka. Jamani, aibu ni kitu cha kijinga sana.

*

Na Jumamosi asubuhi alikirudisha kizibo mwenyewe. Tusimtetee. Jailosi alikuwa nje ya mlango anapiga kengele ya baiskeli, na Enifa akapachika pamba, akasukuma, huku mtoto amemng'ang'ania nguo bila kutoa sauti.

Uwanja wa mradi ulikuwa na mahema mawili, soda kwa wageni na maji kwa wazazi. Mheshimiwa kutoka Lilongwe alikuwa bwana mnene mwenye miwani ya jua, aliyekuwa akitazama saa yake tangu alipokaa. Jailosi akamkaribisha kwa hotuba ndefu. Kisha Madamu Nambewe akamsimamisha Lonjezo mbele, mikono mgongoni, akasimama nyuma yake na kumwekea mkono begani.

"Mabibi na mabwana, mtoto huyu alikuwa haijui sauti hata ya radi. Leo naongea nyuma yake, hanioni. Lonjezo! Mwambie mheshimiwa asante!"

Vidole vyake vikafinya bega. Wazazi wote waliokaa pembeni walikiona kile kifinyo, na wote walikuwa wamekizoea.

"Zikomo," alisema Lonjezo.

Ndiyo asante ya kwao, na ndilo neno pekee alilofundishwa kwa miezi minane. Liliposikika, vigelegele vikapanda, wageni wakasimama. Mheshimiwa akaja na mpiga picha wake, akainama, akampapasa mtoto shavu, akakaza tabasamu. Tabasamu likamganda. Alitazama vidole vyake. Vilikuwa na kitu cha kijani. Akatoa leso nyeupe, akafuta kidole kimoja kimoja, akaitupa ile leso kwenye majani.

"Ni jasho, mheshimiwa," alisema Madamu akicheka. "Watoto wetu wanacheza sana."

Shavu lile lililopapaswa lilikuwa la upande wa kushoto. Mtoto alikunja uso, mikono ikachomoka mgongoni, vidole viwili vikagongana ncha kwa ncha mbele ya kamera, mara mbili, mara tatu, mara nne.

"Mikono!" Jailosi alinguruma kutoka kiti cha mbele. "Mtoto huyu hasikii kabisa!"

Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akapasuka cheko, na kicheko kikatambaa hema zima.

"Hasikii?" aliuliza mheshimiwa akivua miwani. "Mwenyekiti, si mmetuita kuona anavyosikia?"

"Nilikuwa na maana... ni mkaidi, mheshimiwa. Mkaidi tu. Masikio anayo."

Enifa alijikuta amesimama. Mdomo ulikuwa umefunguka na haukutaka kufungwa tena. "Kaka amesema kweli. Hasikii. Hajasikia kitu, leo wala jana." Alimfikia mtoto, akakitoa kizibo, na pamba ikatoka nacho, imelowa. Wale wa mstari wa mbele wakageuza nyuso. Akafungua kile kifuniko kidogo cha mashine akamwonyesha mheshimiwa tundu lake. "Angalia, ni tupu! Betri zipo njiani tangu mwezi wa pili. Mmemziba mwanangu sikio kama chupa ya pombe, na mimi nikawasaidia. Kitu pekee anachosikia mtoto huyu ni maumivu, anayasikia usiku na mchana, na akituambia tunamchapa mikono!"

Mheshimiwa alilitazama lile tundu. Tuseme ukweli, alilitazama vizuri. Kisha akavaa miwani, akatazama saa.

"Haya ni mambo ya ufundi," alisema. "Nadhani mtayamaliza wenyewe."

Mtu anaweza kudhani kwamba hapo Madamu aliaibika. Thubutu! Alinyoosha mkono, akaichukua mashine kutoka kiganjani mwa Enifa, akaifuta kwa pindo la kitambaa cha meza ya soda. "Mama huyu amekataa msaada mbele yenu nyote," alisema kwa upole. "Mali ya mradi haikai bure. Mama Ulemu, njoo."

Mama Ulemu alikuwa ameingoja mashine tangu mwaka jana. Alikuja mbio, kijana wake wa miaka minne akiruka mgongoni, akapiga goti.

"Usikubali, mwenzangu!" Enifa alimshika mkono. "Ina usaha, haina betri. Nusa tu. Nusa kwanza!"

"Niachie," alisema Mama Ulemu akijinasua. "Wako kashindwa, sasa unataka na wangu asisikie? Wivu wa nini?"

Kizibo cha kati kilikuwa kikubwa kwa kichwa kile kidogo, lakini Madamu alikizungusha, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikaingia chote, kikiwa bado kinang'aa kwa umajimaji pembeni. Mtoto akalia. "Mnaona!" Madamu aliwaambia wageni. "Ameshtuka! Amesikia sauti kwa mara ya kwanza!" Vigelegele vikapanda tena, vikubwa kuliko vya kwanza. Mheshimiwa akarudi, safari hii akasimama mbali kidogo na mtoto, na picha ikapigwa.

Jailosi alimpita Enifa bila kumtazama. "Kuanzia leo usiniite kaka," alisema, akatema mate chini.

*

Njia ya zahanati hupita katikati ya mashamba ya mpunga, na zahanati yenyewe Jumamosi hufungwa saa saba. Enifa alitembea upesi, Lonjezo mbele yake, sikio likiwa wazi na nzi wawili wakilifuata. Aliwafukuza kwa kitenge, wakarudi. Alilia kidogo, akajifuta, akalia tena. Hakuwa na huruma na nafsi yake hata kidogo, alijionea kinyaa tu, kama vile yeye ndiye aliyekuwa ananuka.

Walipofika penye daraja la magogo hapakuwa na mtu. Hakukuwa na muuza chumvi wala wasichana wa nyanya. Enifa akamgusa mtoto bega, akamgeuza, akachuchumaa nyuso zikawa sawa. Akatoa mikono kwenye kitenge. Vidole vilikuwa vizito, akasahau kama ni vya shahada au vya kati, akakumbuka. Akainyanyua mikono yote miwili kati yao ili amuulize mwanawe kwa mara ya kwanza, inauma?

Lonjezo aliiona mikono ya mama yake inapanda. Akafumba macho. Akarudisha mikono yake mgongoni haraka, akasimama wima, akavuta pumzi, akasema kwa sauti kubwa na safi kama alivyofundishwa:

"Zikomo."

Enifa hakuishusha mikono wala hakuisogeza mbele. Alikaa vivyo hivyo kwenye vumbi, vidole viwili ncha kwa ncha, akisubiri mtoto afumbue macho, na saa saba ilikuwa inakaribia.